Uyoga wa Mpakani

Paskalina alikuwa na pua ya uyoga. Hivyo ndivyo watu wa kijijini kwao, huko Mufindi mkoani Iringa, walivyokuwa wakimtania. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakungoja kuamshwa na mtu. Alijifunga kitenge, akachukua kikapu, akateremka kwenye shamba lao la misindano, miti ya mbao yenye majani kama sindano. Alirudi na kikapu kimejaa uyoga wa visiki, ule wa rangi ya asali unaoota kwa mafungu. Aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, kisha akauunga kwa karanga. Mume wake, Ambrosi, si mtu wa maneno mengi. Akila uyoga huo alikuwa hasemi kabisa.

Shamba hilo walipewa na baba yake Ambrosi, mzee Sosthenes. Mzee alikuwa na kipande cha pori kilimani. Alikigawa mara mbili. Upande wa juu alimpa Ambrosi. Upande wa chini alimpa Clement, mdogo wake Ambrosi. Miaka kumi na moja iliyopita ndugu hao walikata miti ya asili iliyokuwemo, wakapanda misindano, wote kwa siku moja.

Kabla ya kupanda, Ambrosi alikuja na sururu begani.

"Tung'oe visiki kwanza," alisema.

"Visiki vyote hivi?" Paskalina alishangaa. "Mgongo unao?"

"Tutaanza na vya mpakani."

"Vya mpakani ndiyo usiviguse kabisa. Kwanza vinatuonyesha mpaka wetu na Clement. Pili, uyoga wangu utaota wapi? Wewe una misindano yako. Mimi niachie visiki vyangu."

Ambrosi alicheka. Akairudisha sururu nyumbani. Misindano ikapandwa katikati ya visiki, na watu wakaona ni jambo la kawaida, kwa sababu karibu kila mtu kijijini alipanda hivyo hivyo.

Mke wa Clement aliitwa Tumpe. Alikuwa Mnyakyusa, mwenyeji wa Uyole, Mbeya. Alikuja Mufindi akiwa bibi arusi na mbegu ya viazi mviringo ndani ya mzigo wake. Pale chini ya mpaka aliacha ukanda usio na miti, akalima viazi. Alikuwa na bomba la kupulizia dawa, analibeba mgongoni mwenyewe. Mzee Sosthenes alimpenda sana. Wakimsifia viazi, mzee alisema, "Huyu mtoto ana mikono ya kazi." Paskalina, aliyeolewa katika nyumba hiyo miaka mingi kabla yake, alisikia sifa hizo na kunyamaza. Tusifiche: zilimchoma kidogo.

Miti ilikua vizuri. Ilipofika mwaka wa saba, msindano mmoja wa mpakani ukageuka rangi. Majani yakawa ya njano, kisha ya kahawia. Mti ukafa umesimama. Baada yake ukafa wa pili, na wa tatu. Mwaka uliofuata ilikuwa imekufa tisa, na yote ilikuwa karibu na viazi vya Tumpe.

"Ni lile bomba," Paskalina alimwambia mumewe.

"Una hakika?"

"Miti ya juu mbona haifi? Inakufa pale pale anapopulizia. Macho huna?"

Ambrosi alikuna kichwa. "Labda tumwite mtaalamu kwanza."

"Mtaalamu wa nini? Sumu ni sumu."

Basi akapeleka maneno kwa mzee Sosthenes, na mzee akaitisha kikao cha ukoo. Kilikaa nyumbani kwa Ambrosi, siku ya Jumapili mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Walikuja wazee sita na majirani kadhaa. Kwa kuwa kikao hakikai na njaa, Paskalina aliwapikia. Alikuwa amechuma uyoga asubuhi ile ile, chini ya miti iliyokufa, ambako mwaka huo ulikuwa umeota kuliko miaka yote. Wazee walikula ugali kwa uyoga wa karanga. Mmoja aliomba aongezewe mchuzi. Walipomaliza kunawa, wakamwita Tumpe.

"Mwanangu," mzee Sosthenes alianza, "miti ya kaka yako inakufa. Wanasema ni dawa yako ya viazi."

"Baba, ile ni dawa ya ukungu wa viazi," Tumpe alijibu kwa sauti ndogo. "Kule kwetu Uyole tunaipulizia kila msimu, na miti ipo pembeni. Haifi."

"Kwa hiyo miti inajiua yenyewe?" Paskalina aliuliza. Watu wakacheka.

Tumpe aliinamisha kichwa. Mbele ya baba mkwe hakuweza kubishana. Alilelewa hivyo. Clement naye aliangalia chini. Mzee akaamua: viazi visilimwe tena pale, na Tumpe aombe radhi kwa kaka na dada yake. Tumpe akapiga magoti kwenye ile sakafu, mbele ya wote, akaomba radhi.

Wiki ya tatu aliaga. Alisema anakwenda Uyole kumsalimia mama yake. Alimchukua na mtoto wao, Pendo. Hakurudi. Clement akawa mtu wa njiani, mwezi huku, mwezi kule.

Ukanda wa viazi ukaota majani. Bomba halikupita tena mpakani kwa miaka miwili. Na misindano ikaendelea kufa. Ilikufa upande wa Ambrosi, ikafa upande wa Clement, ikafika ishirini na sita. Paskalina alipita pale na kikapu chake akitafuta sababu nyingine. Alisema ni sumu iliyobaki ardhini. Alisema ni jua.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Ambrosi hakuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda ofisi ya kata, akarudi na afisa misitu. Alikuwa dada mmoja anaitwa Violet, mwenye buti za mpira zilizojaa matope na panga mkononi.

"Kamwene, baba. Kamwene, mama," alisalimia kwa Kihehe. "Haya, nionyesheni mti wa kwanza kufa."

Wakamwonyesha. Violet hakuwa na haraka ya kusema. Alizunguka, akitazama chini zaidi kuliko juu.

"Kabla ya misindano hapa palikuwa na nini?"

"Pori la asili," Ambrosi alijibu.

"Visiki mling'oa?"

Ambrosi alimtazama mkewe, kisha akatazama pembeni. "Hatukung'oa."

Violet alichagua msindano ambao majani yake yalikuwa yameanza tu kuwa ya njano. Alipiga goti, akafukua udongo shinani. Utomvu ulikuwa umetoka, ukachanganyika na udongo na kuganda. Akalibandua gome kwa ncha ya panga. Chini ya gome kulikuwa na utando mweupe, mwembamba kama karatasi, umeshikamana na mti.

"Mama, hebu nusa hapa."

Paskalina aliinama. Alinusa mara moja tu. Akakaa kwenye udongo uliolowa.

"Hii ni harufu ya uyoga," alisema.

"Uyoga gani?"

"Uyoga wangu."

Violet alimshika bega. "Pole, mama. Huu ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Unaletwa na kuvu, wengine wanasema fangasi. Uyoga unaouchuma ni tunda lake tu. Mwili wake uko chini, kwenye mizizi."

"Ulitoka wapi?" Ambrosi aliuliza.

"Ulikuwepo tangu enzi za pori. Miti ya asili ilikuwa na nguvu, ilivumilia. Mlipoikata, mizizi ikafa, na kuvu akapata chakula kingi. Anaweza kuishi ndani ya kisiki miaka mingi. Msindano ukikua, mzizi wake unagusa mzizi wa kisiki. Hapo anahama. Tena ana nyuzi zake, angalieni."

Alifukua tena, akavuta kitu cheusi, chembamba, kilichojikunja kama kamba ya kiatu. Kilikuwa kimetoka kwenye kisiki cha mpakani na kwenda kwenye mzizi wa msindano.

"Kwa hiyo si dawa ya viazi?" Paskalina aliuliza. Moyoni aliomba aambiwe kuwa dawa nayo ilichangia, japo kidogo.

"Dawa ya viazi? Hapana, mama. Dawa ile haiui misindano. Hata kama mtu angemwaga sumu ya magugu, majani haya madogo yangekufa kwanza. Ona yalivyostawi." Violet alinyanyua uso. "Nani alisema ni dawa?"

Kunguru alilia juu ya mti, na Ambrosi akajifanya anamwangalia.

"Mimi nilikuwa nachuma kila mwaka," Paskalina alisema. "Sikuwa naupunguza?"

"Kuchuma hakumpunguzi, yeye yuko chini. Na kula si kosa, kama unaujua vizuri uyoga wako na unauchemsha kama inavyotakiwa. Kosa ni kumwachia kisiki cha kuishi."

"Sasa tufanye nini?" Ambrosi aliuliza. "Kuna dawa ya kupulizia?"

"Ya kupulizia hakuna. Ni jembe na sururu. Miti iliyokufa na inayoumwa mtaing'oa pamoja na mizizi yake, hata ile yenye unene wa kidole gumba tu. Visiki vya zamani pia. Mtachoma vyote hapa hapa, mkitengeneza njia ya moto na kupata kibali cha kijiji. Msibebe kuni wala nguzo kutoka hapa kwenda shamba lingine. Halafu mtachimba mtaro kuzunguka eneo lote la ugonjwa."

"Tuupitishe mwisho wa miti inayoumwa?"

"Hapana. Ruka mistari miwili ya miti inayoonekana mizima, ndipo uchimbe. Ugonjwa chini ya ardhi unakuwa umetangulia kuliko unavyoonekana juu. Kina chake kifike kiunoni. Kata kila mzizi unaopita. Na mtaro uwe unasafishwa, ukijaa udongo hauna kazi."

"Tukishang'oa, tupande misindano mingine?"

"Bado. Limeni mahindi na maharage miaka michache kwanza, na kila mkilima mkiona kipande cha mzizi, kitoeni. Na mkifungua shamba jipya penye miti ya asili, kuna njia nyingine. Menyeni gome kuzunguka shina, mti ukae mwaka mmoja au miwili ukijifia taratibu ndipo muukate. Mizizi inaishiwa chakula, kuvu anakosa cha kula. Lakini hata hapo visiki mng'oe."

Walipobaki wawili, Ambrosi hakusema "nilikwambia." Heri angesema. Aliichukua tu sururu ile ile ya zamani, akaanza na kisiki cha kwanza cha mpakani.

Kazi ilichukua wiki tano. Clement alikuja kusaidia. Ambrosi alimweleza ukweli shambani, kwa maneno machache. Clement aliacha kuchimba, akaweka jembe chini.

"Shemeji," alimwambia Paskalina, "Mama Pendo utamwambia wewe mwenyewe. Mimi nilinyamaza siku ile, sasa siwezi kuwa mdomo wako."

"Nitamwambia, shemeji. Na baba nitamwambia."

Alimaanisha kweli. Lakini mzee Sosthenes alikuwa mgonjwa, amelala chumba cha uani. Kila asubuhi Paskalina alimpelekea uji, na kila asubuhi alisema moyoni: kesho. Leo amekohoa sana, kesho. Leo padri amekuja, kesho. Asubuhi moja mzee alimfungulia mlango mwenyewe.

"Miti imepona?" aliuliza.

"Inaendelea vizuri, baba. Tumechimba mtaro."

"Na mke wa Clement hajambo huko kwao?"

"Hajambo, baba."

Mzee alikunywa uji kidogo, akakirudisha kikombe. "Mtoto mzuri yule. Sijui siku zile alipitiwa na nini. Mpaka leo sielewi."

Kwa maneno hayo mzee alikuwa amemfungulia njia. Paskalina alihitaji tu kusema: baba, hakupitiwa na kitu, ni mimi. Lakini alichukua kikombe, akaenda kukiosha.

Mzee Sosthenes alifariki mwezi wa nne.

Tumpe alikuja msibani na Pendo. Alipika, akachota maji, akalala chini pamoja na wanawake wengine. Baada ya maziko watu walipotawanyika, alibaki kaburini peke yake. Paskalina alikuja nyuma yake na shada la maua. Akamsikia akisema, "Baba, nisamehe kwa ile miti. Sikujua kama dawa ingeiua."

Paskalina alisimama pale. Miaka miwili ilikuwa imetosha kumfanya mtu asiye na hatia aamini kuwa ana hatia. Maneno mawili tu yangetosha. Badala yake alirudi nyuma polepole, shada mkononi, ili asisikike.

Usiku huo hakulala. Na uliofuata. Wiki ya pili baada ya msiba alipanda basi Mafinga. Walipita Chimala, watu wakanunua mchele dirishani, yeye hakugeuza shingo. Akashuka Uyole.

Alimkuta Tumpe sokoni, akipanga viazi kwenye sado, vile vindoo vya kupimia, vikubwa juu, vidogo chini, kama wafanyavyo wauza viazi wote duniani.

"Dada! Karibu. Kuna tatizo nyumbani?"

"Kaa, Mama Pendo. Mimi nitasema nimesimama."

Alimweleza yote. Alimweleza utando mweupe chini ya gome, nyuzi nyeusi, visiki alivyokataza visiguswe, na uyoga aliowapikia wazee siku ya kikao. "Miti haikuuawa na dawa yako. Iliuawa na visiki vyangu. Nisamehe."

Tumpe alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake iliendelea kupanga viazi. Kisha ikasimama.

"Ulijua lini, dada?"

Paskalina alitamani kudanganya. Hakudanganya. "Mwezi wa pili."

"Baba amefariki wa nne."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua, na baba alikuwa hai."

"Ndiyo."

Mteja alikuja kuuliza bei. Tumpe alimhudumia, akamwongezea viazi viwili, akamshukuru. Aliporudi macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilikuwa imara.

"Mimi niliombeshwa radhi mbele ya watu. Wewe unakuja kuniomba radhi hapa sokoni, ambako hakuna anayenijua kwa jambo hilo. Nenda ukawaambie waliokuwepo. Waliobaki."

Jumapili, baada ya misa, Paskalina alimwomba mwenyekiti wa kigango dakika chache. Alisimama mbele ya kanisa. Aliweka chini kipande cha gome chenye utando, na uzi mweusi wa kuvu. Akaeleza ugonjwa, dalili zake na kazi ya kuuzuia, kama Violet alivyomweleza. Kisha akasema, "Tumpe hakuua mti hata mmoja. Mimi nilimsingizia. Na nilipojua ukweli, nilikaa kimya mpaka baba akafa bila kuujua."

Yule mzee aliyeomba kuongezewa mchuzi alivua kofia. Hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo watu wengi wamefukua mashina ya miti yao. Kaya nne zimekuta utando ule, zikawahi kuchimba mtaro. Wanaofungua mashamba mapya sasa wanang'oa visiki kabla ya kupanda. Kwa Ambrosi na Clement, hakuna msindano uliokufa nje ya mtaro tangu uchimbwe. Ndani yake yameota maharage mazuri. Wenye mashamba humwita Paskalina aje kunusa, naye huenda. Katika kila shamba huanza kwa kusema alichomfanyia Tumpe. Hakuna anayemwomba aseme. Husema hata hivyo.

Mwezi wa kumi na mbili Tumpe alikuja, kwa basi la asubuhi. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kaburini kwa baba mkwe wake, akakaa huko muda mrefu. Paskalina alimwona kutoka shambani. Safari hii hakumfuata.

Aliporudi, Tumpe alipita kando ya mtaro. Alisimama, akautazama toka mwanzo hadi mwisho.

"Upande ule udongo umeporomoka," alisema. "Uchimbueni kabla mvua haijakolea."

"Karibu ndani upate chai," Paskalina alimwambia.

"Siku nyingine, dada. Basi la kurudi ni saa nane."

Akaondoka akipandisha njia ya barabarani. Paskalina alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha alichukua jembe, akateremka mtaroni, akaanza kuutoa ule udongo.